Anzeni na Cheti cha Kuzaliwa, Viatu Baadaye: Tuliyojifunza Kupeleka Timu ya Wasichana kutoka Mbeya hadi Oslo

Walimu wenzetu wa Tukuyu, Makambako na Mafinga wanaotupigia simu huanza karibu wote na swali moja: hela mlipata wapi? Ni swali la haki, na jibu lake limo humu. Ila kuna swali linalopaswa kulitangulia, nalo ndilo lililotugharimu zaidi kwa sababu hatukujiuliza mapema: kati ya watoto mnaotaka kuwasafirisha, wangapi wana cheti cha kuzaliwa chenye jina lile lile lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio?

Yetu ni shule ya kata, ya kutwa, juu kidogo ya jiji la Mbeya. Tulikuwa tunapeleka timu ya mpira ya wasichana wasiozidi miaka 16 kwenye Norway Cup, mashindano ya vijana yanayofanyika Oslo tangu 1972, kwenye viwanja vya Ekebergsletta, kila mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti. Tulilenga wachezaji 18 na watu wazima 4: kocha, matroni, mwalimu wa michezo na mzazi mmoja ambaye ni muuguzi. Tulisafiri na wachezaji 16. Wawili waliobaki walikuwa na uwezo wa kucheza na hawakuwa wagonjwa. Waliachwa na makaratasi.

Hesabu ya muda ifanyeni kinyumenyume. Mashindano ni Julai. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza inafuata kanuni za Schengen: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe siku 15 kabla, uamuzi kwa kawaida ni siku 15, na ukihitaji uchunguzi zaidi unaweza kufika 45. Maana yake mkiwa salama mnaomba Aprili. Ili kuomba Aprili, pasi za kusafiria ziwe mkononi Februari. Ili pasi ziwe mkononi Februari, vyeti na viapo vya wazazi vikamilike Novemba. Kwa hiyo kazi inaanza Septemba ya mwaka uliotangulia. Sisi tulianza Januari.

Siku ya kukusanya vyeti tulipanga bahasha 18 za kaki juu ya meza ya maabara, kila moja na jina la mtoto kwa kalamu nene. Hadi jioni zilizokamilika zilikuwa 7. Katika nyingine mlikuwa na tangazo la kizazi la hospitali badala ya cheti, au kadi ya kliniki peke yake, au hamkuwa na kitu. Katika moja, binti aliye Asajile kwenye daftari la shule alikuwa Asagile kwenye cheti. Herufi moja tu, lakini ofisa wa pasi hana namna ya kuipuuza, na kusema kweli hapaswi kuipuuza. Mwingine shuleni alitumia jina la babu kama ubini, cheti kikamtambua kwa jina la baba. Huku kwetu jambo hilo ni la kila nyumba, na hakuna anayeliona kuwa kosa mpaka siku ya safari.

Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, au marekebisho ya cheti chenyewe kule RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kiapo ni cha haraka, ila kila ofisi mtakayopita baadaye itataka kukiona, basi tengenezeni nakala zilizothibitishwa, tano kwa kila mtoto. Angalieni na mwaka wa kuzaliwa. Mashindano ya vijana hupanga timu kwa mwaka, na pasi ndiyo inayosomwa mlangoni. Mtoto ambaye shuleni ana miaka 15 na cheti kinamhesabu 17 atakosa nafasi kwenye timu hata kama viza ameipata. Msijaribiwe kupunguza umri ili timu iwe na nguvu. Ni udanganyifu, na mzigo wake atakuja kuubeba mtoto.

Kizito kuliko vyote ni idhini ya wazazi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 panatakiwa kiapo cha baba na mama, pamoja na nakala za vitambulisho vyao vya Taifa. Nyanda zetu zina watoto wengi wanaolelewa na bibi au shangazi. Kama mzazi amefariki, tafuteni cheti cha kifo. Kama hakikukatwa wakati ule, kikatwe sasa. Kama baba yupo lakini hajulikani alipo, barua ya mtendaji wa kata haitoshi peke yake, mlezi anahitaji amri ya mahakama inayomtambua kuwa mlezi. Hiyo ilituchukua zaidi ya miezi miwili kwa mtoto mmoja, na kwa wawili haikuwahi. Kuwaambia wasichana wale kwamba wenzao wanaondoka Jumapili bila wao lilikuwa jambo gumu kuliko mengine yote ya mwaka ule. Mmoja wao alikuwa beki wetu wa kati. Bibi yake alikuja shuleni na kitenge kipya alichomnunulia kwa ajili ya safari.

Pasi yenyewe ni shilingi 150,000 kwa mtu: 20,000 za fomu na 130,000 zinazobaki. Kwa watoto 16 ni 2,400,000. Fomu hujazwa mtandaoni, huchapwa, kisha kila mwombaji anafika mwenyewe Uhamiaji kwa picha na alama za vidole. Jazeni fomu hizo mkiwa watu wawili, mmoja anasoma cheti kwa sauti na mwingine anaandika, kwa sababu kosa la kuchapa mnalilipia upya.

Vibali vya kutoka nje ya nchi viendeshwe sambamba na pasi, msisubiri kimoja kiishe. Kwa shule ya serikali barua hupanda kutoka kwa mkuu wa shule kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkoa, na juu zaidi; upande wa michezo kuna shirikisho la mchezo husika na Baraza la Michezo la Taifa. Barua moja ikikosa kiambatisho inalala mezani bila mtu kukwambia. Mpeni mwalimu mmoja kazi ya kufuatilia barua tu, na ratiba yake ya vipindi ipunguzwe.

Alama za vidole za viza hutolewa ana kwa ana na kila aliyefikisha miaka 12, na kwa sisi wa Mbeya hiyo ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Hatukuwa tumeiweka kwenye bajeti. Isitoshe tuliweka miadi asubuhi ya siku ile ile ambayo basi lilifika. Watoto walikuwa wamevimba miguu, wana usingizi, na mashine ikakataa vidole vya wanne. Sababu yake tuliielewa baadaye: ngozi ya vidole iliyosuguliwa na jembe na kukaushwa na baridi yetu haina mistari inayosomeka. Siku 10 kabla ya miadi, kila mtoto apake mafuta ya mgando vidoleni asubuhi na usiku, na apumzishwe jembe na ufuaji wa mikono. Laleni Dar usiku mmoja kabla. Utakuja kuniambia.

Ada ya viza kwa mtu mzima na kwa mtoto wa miaka 12 na zaidi ni euro 90 tangu Juni 2024, ila kanuni zina misamaha ambayo wengi hawaiombi kwa kutoijua. Wanafunzi na walimu wanaoongozana nao katika safari ya masomo wamo. Wamo pia vijana wasiozidi miaka 25 wanaowakilisha taasisi zisizo za faida kwenye michezo iliyoandaliwa na taasisi za namna hiyo. Tajeni msamaha huo kwenye barua ya maombi na mwambatishe mwaliko unaoeleza mwandaaji ni nani. Malipo ya huduma ya kituo kinachopokea maombi yanabaki pale pale. Bima ya afya ya safari iwe ya angalau euro 30,000 kwa kila mtu, na pasi iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya.

Kinachoangaliwa sana kwenye maombi ya vijana ni kama watarudi. Barua ya shule yenye namba ya usajili wa mwanafunzi, barua ya likizo ya mwalimu kutoka kwa mwajiri wake, tiketi ya kurudi, ratiba ya muhula unaoendelea: hivyo vinasema zaidi kuliko maneno matamu. Ongeeni na wazazi waziwazi kuhusu kutoroka. Timu zimewahi kupoteza wachezaji Ulaya, na kila kijana anayebaki huko anawafungia mlango wa wilaya nzima.

Sasa hela. Tiketi ya ndege ya mtu mmoja kutoka Dar hadi Oslo, kwa kubadilisha ndege njiani, ilizidi shilingi milioni 3, na katika kila shilingi 10 tulizotumia, 6 zilikwenda kwenye ndege. Malazi yalikuwa madarasa ya shule za Oslo, magodoro sakafuni, kama inavyofanyika kwa timu nyingi za mashindano haya. Waliochangia ni wahitimu wa zamani, wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kanisa, klabu iliyotualika, na wazazi.

Kwa wazazi tulikosea majira. Mashirika ya ndege hutoa bei ya kundi kuanzia watu 10 na hutaka malipo ya awali mapema. Kwetu yaliangukia Februari. Februari mkulima wa Mbeya hana kitu. Pesa iko shambani kwenye mbolea na palizi, na ametoka kununua sare na madaftari Januari. Mzazi mmoja alikopa kwenye VIKOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, na alikuwa bado analipa riba tuliporudi. Mngeanza mwaka mmoja nyuma, mchango ungekuja Agosti, wakati wa mavuno, tena kwa mazao: debe 1 la mahindi kwa kila mzazi aliyeridhia, yakaushwe vizuri, yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyamalize, yauzwe Januari bei ikiwa imepanda. Ndivyo tunavyofanya sasa. Kumbukeni tu kwamba tangu 2016 elimu ya msingi na ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ni bila ada, kwa hiyo mchango huu uwe wa hiari na uwe na kibali. Na mtoto asichaguliwe kwa sababu mzazi wake anaweza kulipa. Timu ikichaguliwa hivyo ni kundi la watalii waliovaa jezi, na watoto wenyewe wataligundua ndani ya dakika 5 za mechi ya kwanza.

Jambo moja tulilolifanya vizuri ni safari ya majaribio. Mwezi Mei tulikwenda Karonga, Malawi, kupitia Tukuyu na mpaka wa Kasumulu, siku 3. Mtanzania hahitaji viza kule, na pasi zilikuwa tayari. Kwa gharama ndogo tuliona kila udhaifu: nani analia usiku, nani hawezi kula chakula kigeni, nani anapoteza vitu. Tuliona pia kwamba wasichana 9 hawakuwa na sidiria za michezo, na kwamba wawili walipata siku zao njiani wakaona aibu kumwambia kocha mwanamume. Baada ya hapo matroni alibeba mfuko wa taulo za kike usioulizwa maswali, kila mtoto anachukua mwenyewe. Timu ya wasichana iende na wanawake wawili wazima, maana mmoja akienda na mgonjwa hospitali lazima abaki mwingine.

Mwili nao una mambo yake. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Oslo iko karibu na bahari. Watoto wetu walijisikia wepesi, pumzi haiishi, wakakimbia mechi ya kwanza kama wamefunguliwa zizini. Lakini hewa ya chini ni nzito zaidi, na mpira unasafiri mfupi. Pasi ndefu ambazo huku zinafika winga zilikuwa zinaanguka hatua kadhaa nyuma yake. Tengeni mazoezi ya kwanza kule kwa pasi ndefu na mipira ya kona tu, kipa akiwemo.

Na viatu. Wengi wetu tunacheza kwenye udongo, na njumu ndefu ndizo zinazopatikana mitumbani. Kwenye nyasi bandia njumu ndefu zinakwama na goti ndilo linalolipa. Kila mtoto awe na viatu vya meno mafupi mengi, na avivae mazoezini wiki 3 kabla. Sisi tuligawa viatu vipya siku mbili kabla ya kuondoka, tukiona ni zawadi nzuri. Siku ya pili ya mashindano matroni alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo cha darasa, bakuli la maji ya chumvi miguuni, akifunga malengelenge ya visigino 11, kimoja baada ya kingine, na nusu ya roli ya plasta ilikuwa imekwisha kabla ya saa mbili asubuhi.

Mechi ni fupi kuliko tulizozoea, na wakati mwingine ni mbili kwa siku. Timu inayohitaji robo saa kupata joto inakuta imefungwa mawili. Tulipoteza mbili za kwanza hivyo, tukashinda ya tatu baada ya kupasha misuli kwa nguvu dakika 20 nzima.

Saa za Oslo kipindi hicho ziko nyuma ya zetu kwa saa 1 tu, kwa hiyo usingizi hausumbuliwi na safari. Unasumbuliwa na jua. Mwisho wa Julai linazama karibu saa nne usiku, na watoto hawaamini kwamba ni wakati wa kulala. Bebeni vitenge vizito na utepe wa gundi kwa ajili ya kuziba madirisha. Ratiba ya mechi ikisema 09:00, iandikeni ubaoni "saa tatu asubuhi" pembeni yake. Tulikaribia kukosa mechi kwa sababu nahodha alisoma 15:00 akahesabu vibaya.

Baridi haikuwa tatizo kwa watoto wa huku. Chakula kilikuwa. Wiki mbili za mwisho wapeni tambi, mkate na jibini mara kadhaa. Nyama na maziwa ya kutoka nyumbani hayaruhusiwi kuingizwa, msijaribu. Maji ya bomba ya Oslo ni safi ya kunywa, kila mtoto awe na chupa yake ya kujaza. Chupa na makopo ya dukani yana amana ya kroner 2 au 3 inayorudishwa na mashine ukiyapeleka, na wasichana wetu walipogundua hilo waliokota mpaka wakanunua mpira.

Malaria isisahaulike. Mtoto aliyetoka Kyela wiki iliyopita anaweza kuanza homa akiwa Oslo, ambako daktari hataiwaza kwanza. Pimeni wote kabla ya kuondoka, na homa yoyote ikitokea mwambieni daktari neno la kwanza kabisa kwamba mnatoka eneo la malaria. Kwenye mzigo wa mkononi beba jezi seti moja, dawa, na nakala za idhini za wazazi. Mabegi hupotea kwenye kubadilisha ndege. Na ondokeni Mbeya siku mbili kabla ya ndege. Lori likilala kwenye mlima Kitonga, njiani kwenda Dar, hakuna nauli itakayowapitisha.

Faida zipo, nami sitaki mtu asome haya yote aone ni hasara. Ila hazikuja kwa namna tuliyoitarajia. Tuliwaza vipaji kuonekana. Hakuna aliyekuja kumtafuta mtu. Kilichoonekana ni kiungo wetu, binti asiyeinua mkono darasani katika kipindi cha Kiingereza, akimweleza mwamuzi kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba kipa ameumia na anahitaji kubadilishwa, na mwamuzi akamwelewa. Tangu hapo haachi kuongea. Waliona wasichana wa rika lao wakichezesha mechi kwa filimbi na kadi, na waliporudi wanne waliomba kufundishwa sheria 17. Sasa ndio wanaochezesha mechi za madarasa kila Ijumaa. Wanafika mazoezini kabla ya kocha. Vyeti tulivyovihangaikia vitawafaa mbali zaidi ya mpira, maana Bodi ya Mikopo nayo itawadai cheti kilichohakikiwa na RITA siku wakienda chuo.

Masomo yaliumia. Julai ni mwanzo wa muhula wa pili, na siku 12 za vipindi zilipotea. Tulijaribu kuwasomesha kule jioni, haikufaa hata kidogo. Kilichofaa ni Jumamosi 6 za kufidia baada ya kurudi, zilizopangwa kabla ya kuondoka na kukubaliwa na walimu wa masomo. Kidato cha nne msiwapeleke kabisa, na cha pili wapelekeni kwa tahadhari. Mitihani yao ya taifa iko mbele kidogo tu.

Yule beki alipata amri yake ya mahakama Septemba, na pasi Novemba. Bahasha za kaki bado zipo, ndani ya tranka ofisini kwa mkuu wa shule. Mwaka huu tumefungua 24 kwa ajili ya kidato cha kwanza na cha pili. Zilizokamilika ni 15, na Septemba haijaisha.